Paka Asiye na Jina: Kitabu cha Kuondoka, Filamu ya Kubaki

Kitabu kinaanzia Afrika. Wapo watu walioitazama Breakfast at Tiffany's mara kumi na hawalijui hilo, kwa sababu kwenye filamu halimo. Truman Capote anaifungua riwaya yake fupi ndani ya baa moja ya New York. Mwenye baa, Joe Bell, anamwonyesha msimulizi picha ya kinyago: kichwa cha mwanamke kilichochongwa kwa mti, na sura ni ya Holly Golightly hasa, mhusika mkuu wa hadithi. Picha imepigwa Krismasi ya 1956 katika kijiji kiitwacho Tococul. Usihangaike kukitafuta kwenye ramani. Maandishi ya nyuma ya picha yanasema kijiji kiko East Anglia, na East Anglia iko mashariki mwa Uingereza. Ama Capote alikuwa anatania, ama Afrika yake haikuhitaji ramani. Holly mwenyewe ameshatoweka zaidi ya miaka kumi. Hakuna ajuaye aliko, na wanaume wawili wanazeeka wakikitazama kipande cha mti.

Filamu inaanzia upande wa pili. Alfajiri, Fifth Avenue ni tupu, teksi moja ya njano inakuja, inasimama, na Holly anashuka. Kitabu kinafunguliwa na mtu asiyekuwepo, filamu inafunguliwa na mtu anayefika. Shika hapo tu, na karibu kila kilichobadilishwa kati ya kurasa na skrini utakiona kimetokea wapi, pamoja na vile vilivyovunjika njiani.

Riwaya ilitoka mwaka 1958. Jarida la Harper's Bazaar ndilo lililotakiwa kuichapisha kwanza, likaingiwa na hofu juu ya lugha na mambo yaliyomo, na hadithi ikaangukia Esquire, toleo la Novemba mwaka huohuo, huku Random House wakiitoa kama kitabu pamoja na hadithi nyingine tatu fupi. Ni kurasa mia hivi. Mambo yanatokea mwaka 1943, vita vikiendelea, katika jengo la fleti upande wa mashariki wa Manhattan. Holly bado hajafikisha miaka 19. Msimulizi hana jina. Holly anamwita Fred kwa sababu anafanana na kaka yake aliyeko jeshini. Hawawi wapenzi, wala kitabu hakionyeshi dalili kwamba msimulizi ni mtu wa kuwa mpenzi wa mwanamke yeyote. Ni shahidi. Anatazama, anasikiliza, anaachwa.

Sasa jiweke mahali pa George Axelrod, aliyepewa kazi ya kuiandika hadithi hiyo iwe filamu kwa ajili ya studio ya Paramount, watayarishaji wakiwa Martin Jurow na Richard Shepherd. Umeagizwa komedi ya mapenzi. Mkononi una mwanaume asiye na jina wala tamaa, mwanamke anayekimbia mwishoni, mimba inayoharibika baada ya mbio za kumfukuzia farasi, na shujaa anayeishi kwa fedha za wanaume. Komedi ya mapenzi ina sharti moja kubwa: watu wawili wanaostahili kuwa pamoja wazuiwe na kitu, kitu hicho kiondoke, wabaki pamoja. Kitabu cha Capote hakina hata kimoja kati ya hivyo.

Alichofanya Axelrod ni hesabu zaidi kuliko ushairi. Msimulizi alimpa jina, Paul Varjak, mwandishi aliyetoa kitabu kimoja cha hadithi kisha akakauka. Halafu akampa dhambi. Paul analipiwa fleti na mwanamke tajiri mwenye mume, aliyepewa jina la utani 2E, aliyeigizwa na Patricia Neal kwa ubaridi unaostahili sifa kuliko unazopata. Kiswahili cha mjini kina neno la mtu kama Paul: marioo. Na kwa Holly kina jingine, mdangaji, maana anapokea dola 50 za kwenda msalani kutoka kwa kila mwanaume anayemtoa jioni, na haendi mbali kuliko anavyotaka mwenyewe. Wakikutana kwa mara ya kwanza chumbani kwa Paul, Holly anaziona dola 300 ambazo 2E ameziacha, anaelewa palepale, na anauliza kwa adabu kama malipo hayo ni ya wiki, ya saa, au vipi. Hapo onyesho limekamilika. Wote wawili wananunuliwa, wote wawili wanajua, na hakuna wa kumhukumu mwenzake.

Hila hiyo ilifanya kazi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni ya kisanaa: sasa kuna kizuizi, kwamba kila mmoja ana mwenye pesa yake, na kizuizi kinaweza kuondolewa. Ya pili ilikuwa ya kiofisi. Hollywood ilikuwa bado chini ya kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa nguvu tangu 1934, na skripti ilipaswa kupita mezani kwa wakaguzi kabla ya kamera kuwashwa. Mkaguzi akiona mwanaume ndiye anayelipwa waziwazi, jicho lake linamtazama mwanaume, na shughuli za Holly zinabaki kama ukungu. Ukisikiliza kwa makini utagundua filamu haisemi popote Holly anafanya nini hasa. Inataja kiasi, na inakuachia kazi ya kuelewa.

Kuna kitu kidogo ambacho wanafunzi wa uandishi wa skripti wangefaidika kukitazama: taipureta ya Paul. Holly anaiona, anaona haina utepe, na bila mtu kutoa hotuba tunajua mwandishi huyu haandiki. Baadaye Holly mwenyewe anampelekea utepe. Ndipo anapoanza kuandika, na anachoandika ni habari za msichana mmoja anayeishi na paka asiye na jina. Uvivu, aibu, penzi na kupona vimebebwa vyote na kipande cha kitambaa chenye wino. Kitabu hakikuhitaji utepe kwa sababu kinaweza kuingia kichwani mwa msimulizi. Kamera haiwezi kuingia kichwani mwa mtu, kwa hiyo mwandishi wa filamu lazima atafute kitu kinachoshikika.

Kuhamisha mwaka ndiko kulikoleta gharama. Axelrod aliitoa hadithi 1943 na kuileta katika New York ya siku zilezile za upigaji picha. Nguo zikawa za kisasa, magari ya kisasa, muziki wa kisasa, na vita vikatoweka. Lakini katika kitabu, Fred, kaka yake Holly, anakufa vitani, na kifo hicho ndicho kinachompasua. Bila vita utamuuaje askari? Filamu inamuua kwa ajali ya jipu kambini Fort Riley, Kansas. Holly anapokea simu ya maandishi, anavunja kila kilichomo chumbani, na mtazamaji anahuzunika ndiyo, lakini kifo kimekuja kama hitilafu tu ya gari. Kwenye kitabu, kila mwanaume mle jijini ama anaelekea vitani, ama amerudi, ama amelipa ili asiende. Haraka ya Holly ni haraka ya zama zile. Kwenye filamu haraka hiyo imebaki kuwa tabia ya mtu mmoja, na wengine wameiita upuuzi.

Kumchagua mwigizaji nako kuliigeuza hadithi. Capote alimtaka Marilyn Monroe, na si kwa ajili ya umaarufu tu. Holly wake ni Lulamae Barnes wa Tulip, Texas, yatima aliyeiba mayai na maziwa, akaolewa na daktari wa mifugo akiwa hajatimiza miaka 14. Chini ya vito vyote kuna mtoto wa shamba. Monroe alikuwa na historia inayokaribiana na hiyo mwilini mwake. Paramount wakamchukua Audrey Hepburn, miaka 31, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza wa kiume Julai 1960 na kuingia kazini Oktoba. Hepburn hawezi kukushawishi kwamba aliwahi kuiba yai. Buddy Ebsen anapokuja kama Doc, mume wa zamani kutoka Texas, unamwamini yeye kabisa, na unamwonea huruma kwa kumfuata binti ambaye dhahiri amezaliwa Ulaya. Faida ni kwamba Hepburn alileta woga. Holly wa kitabu ni mgumu, ana ulimi mchafu na ubaguzi wa kutosha. Holly wa filamu ni mtu anayesema haraka ili asikamatwe akiogopa. Capote hakuridhika kamwe na uchaguzi huo. Naona alikuwa sahihi kuhusu kitabu chake, na watayarishaji walikuwa sahihi kuhusu filamu yao.

Mwongozaji wa kwanza alikuwa John Frankenheimer. Alipoondolewa akaja Blake Edwards, mtu wa vichekesho vya mwili, na picha zikaanza kupigwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1960, mbele ya duka la vito la Tiffany, namba 727 Fifth Avenue, kona ya 57th Street. Sehemu kubwa ya filamu ilitengenezwa studio Hollywood. New York ilitumika kwa mitaa, nje ya jengo la fleti lililoko 71st Street upande wa mashariki, maktaba kuu ya jiji, na sonara mwenyewe.

Mwanzo huo utazame tena ukiwa umepunguza sauti. Zaidi ya dakika mbili hakuna neno. Holly anashuka na gauni jeusi refu la mbunifu Givenchy, lulu shingoni, miwani ya jua kabla jua halijatoka. Anatazama juu kwenye jina la duka. Anasogea dirishani, anatoa kikombe cha kahawa na kipande cha mkate mtamu kwenye mfuko wa karatasi, anakula akitazama vito. Mara kamera inahamia ndani ya kioo na kumwangalia yeye, kana kwamba naye ni bidhaa iliyopangwa. Kisha dirisha jingine, mfuko kwenye pipa la taka, na anakata kona kwenda nyumbani kwa miguu. Hesabu umeambiwa mangapi: ni nguo ya jana, hajalala, ana hela ya teksi lakini kifungua kinywa ni cha mfuko, anachokitamani kiko nyuma ya kioo, na yuko peke yake. Skripti mbaya ingehitaji kurasa nne za mazungumzo na rafiki wa kumwuliza maswali.

Watu huuliza kuhusu hicho kifungua kinywa. Tiffany hawakuwa na mgahawa; ndiyo maana jina, maana yake Kifungua Kinywa Tiffany, linachekesha. Ni sawa na kusema unakwenda kunywa chai kwa sonara. Mgahawa ndani ya duka ulifunguliwa Novemba 2017, miaka 56 baada ya filamu, na hapo utani ukageuka kuwa menyu. Kwa Holly duka ni dawa. Anatofautisha huzuni ya kawaida, inayokuja kwa kunenepa au mvua kunyesha siku nyingi, na ile hofu nyekundu inayokushika bila kujua unaogopa nini. Ya pili haitibiki kwa pombe. Inatibika kwa teksi hadi Tiffany, mahali ambapo pametulia kiasi kwamba huwezi kudhani baya litatokea. Ndiyo maana onyesho la Paul na Holly dukani na dola kumi tu za kutumia si mapambo. Muuzaji, John McGiver, anawatolea kidude cha fedha cha kuzungushia namba za simu, bei dola 6.75 pamoja na kodi, kwa heshima ileile ambayo angemwonyesha mteja wa almasi. Wanaishia kuomba pete iliyotoka kwenye boksi la bisi ichongwe herufi za majina yao, na anakubali. Ucheshi wote unakaa kwenye uso wa McGiver usiocheka. Angetabasamu mara moja tu, onyesho lingekufa.

Karamu ni habari nyingine. Katika kitabu ni mkusanyiko wa wanaume tu, kila mmoja akishangaa kuwakuta wengine. Skripti iliipa nafasi ndogo. Edwards aliijaza mwenyewe, siku baada ya siku studioni, akitumia waigizaji aliowajua badala ya watu wa kujaza nafasi. Kichekesho cha kofia kinafaa kuchunguzwa na yeyote anayetaka kuchekesha kwa picha. Holly ana kishikio kirefu cha sigara, anageuka akizungumza, kofia ya mwanamke nyuma yake inashika moto. Moto unakua. Hakuna anayeona. Kisha glasi ya mtu inainama na kinywaji kinauzima, na aliyemwaga hajui, aliyeungua hajui, Holly hajui. Ni wewe tu. Mwanzo, kukua, kumalizika, bila mhusika hata mmoja kujibu. Pia unaambiwa Holly ni nani: anawasha moto kila apitapo na hageuki nyuma.

Wimbo. Mtunzi wa muziki, Henry Mancini, alikuwa na tatizo la fundi cherehani: Hepburn hakuwa mwimbaji, na sauti yake ilikuwa na nafasi ndogo ya kupanda na kushuka. Akamshonea wimbo kwa kipimo. Moon River una upana wa oktavu moja na nota moja, mwendo wa tatu kwa nne kama waltz, na ukiupiga kwenye piano katika C huhitaji kibonye cheusi kwenye melodi. Nota ya kwanza kwenda ya pili ni mruko wa nota tano, na huo ndio mruko unaokumbukwa. Baada ya hapo sauti inashuka ngazi kwa ngazi, kazi ambayo mtu asiye mwimbaji anaiweza. Mancini alisema ilimchukua mwezi kufikiri na nusu saa kuandika. Maneno ni ya Johnny Mercer, mwenyeji wa Savannah, Georgia, na harufu ya mito ya kwao imo. Hepburn anauimba dirishani kwenye ngazi ya chuma ya kukimbilia moto, taulo kichwani, gitaa mapajani, na huo ndio wakati pekee ambapo Lulamae anaonekana kweli. Kitabu kilikuwa na mbegu yake: Holly anaosha nywele, anakaa nje na paka, anaimba nyimbo za maonyesho ya jukwaani na nyingine za kwao zisizojulikana zimetoka wapi. Baada ya onyesho la majaribio, bosi mmoja wa studio alitaka wimbo ukatwe. Haukukatwa, na kati ya uteuzi mitano wa Oscar filamu ilishinda miwili, yote ya Mancini: muziki, na wimbo pamoja na Mercer. Hepburn mwenyewe alishindwa na Sophia Loren.

Nisipomtaja Yunioshi nitakuwa nadanganya kwa kunyamaza. Katika kitabu ni mpiga picha wa magazeti anayeishi juu, mtu wa kawaida, ndiye aliyepiga ile picha ya kinyago. Capote anamweka jijini mwaka 1943, wakati Wajapani-Wamarekani wa pwani ya magharibi, watu wapatao 120,000, walikuwa wamefungiwa makambini, na hamfanyi kituko. Filamu inampa nafasi hiyo Mickey Rooney, mzungu, akiwa na meno ya bandia na macho yaliyobadilishwa kwa vipodozi, akigonga kichwa kwenye taa na kupiga kelele. Edwards na Shepherd walikuja kujuta hadharani. Watu husema ilikuwa desturi ya zama zile, na desturi ilikuwepo kweli, lakini utetezi huo unaficha kosa la ufundi. Komedi nyingine yote ya filamu hii inatoka kwa watu wanaoficha kitu. Yunioshi wa Rooney hafichi chochote kwa sababu hakuna mtu ndani. Ukimwondoa kabisa, hadithi haipungukiwi ila na kengele ya mlango na simu kwa polisi.

Soma kwanza, tazama baadaye. Kurasa mia ni jioni mbili, filamu ni dakika 115. Ukianza na filamu, sura ya Hepburn itakaa juu ya kila ukurasa na Holly wa Capote hutamwona tena. Ukisoma, tafuta tundu la ndege. Msimulizi analitamani kwenye dirisha la duka la vitu vya kale, bei dola 350, na Holly anamnunulia kwa Krismasi kwa sharti kwamba asitie humo kiumbe hai. Filamu inalichukua tundu hilo na kulitia kinywani mwa Paul: ndani ya teksi, mvua ikinyesha, anamwambia Holly kwamba amejijengea tundu mwenyewe na atalibeba popote aendako. Sharti lilikuwa la Holly, na sasa linatumika dhidi yake.

Katika kitabu hakuna wa kumhutubia. Mchumba wake wa Brazil amemkimbia kwa barua baada ya polisi kumkamata Holly kwa sababu ya ziara alizokuwa akimfanyia mhuni Sally Tomato katika gereza la Sing Sing. Holly anamshusha paka wake mtaa wa Spanish Harlem na kumfukuza, gari linaondoka, linasimama kwenye taa, Holly anaruka nje kurudi. Paka hayupo. Ndipo anapoogopa kweli, kwa kuona kwamba anaweza kutupa kilicho chake na asijue ni chake mpaka kimeshakwenda. Msimulizi anaahidi kumtafuta, na Holly anapanda ndege. Filamu inamrudisha chini ya mvua, inampa paka kwenye kichochoro kati ya makasha, na inawabana wote watatu katika busu moja, paka akilowa katikati. Paka huyo, Orangey, aliyefundishwa na Frank Inn, alipata kwa kazi hiyo tuzo yake ya pili ya wanyama wa sinema.

Msimulizi wa kitabu anatimiza ahadi, lakini inamchukua wiki kadhaa za kuzunguka mitaani baada ya kazi. Jumapili moja ya baridi na jua anamwona: amekaa dirishani kwenye chumba chenye joto, maua ya vyungu pembeni, mapazia safi ya lesi. Hagongi mlango. Anajiuliza paka ameitwa jina gani, maana sasa hakika analo. Kisha anamwombea Holly naye awe amefika mahali pake, hata kama ni kibanda cha Afrika.